Chaguo la Kwanza la Kemunto

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya muhula wa pili, mwaka 1966, mkuu wa shule wa wakati ule aliingia maktaba, ambako nilikuwa nikibandika namba kwenye migongo ya vitabu. Akaweka sanduku la viatu juu ya meza yangu na kusema kwamba kuanzia siku hiyo mimi ndiye mwalimu wa ushauri. Ndani ya sanduku mlikuwa na barua za Chuo Kikuu zilizokosa wa kuzijibu, na kiatu kimoja cha mtoto. Barua nilizijibu. Mwenye kiatu sikumpata hadi leo.

Shule yetu iko juu ya mashamba ya chai, kati ya Kericho na Bomet, na wakati huo ndiyo kwanza ilikuwa imefungua Fomu ya Tano. Cheti changu kilikuwa cha ualimu wa shule ya msingi. Mengine niliyoyajua nilijifunza kwa taa ya mafuta na kwa masomo ya posta, na nadhani nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na siku zote nilipatikana mahali pamoja. Kazi yenyewe ilikuwa kumtazama mwanafunzi kabla hajafanya mtihani wa Fomu ya Sita, na kusema kama Chuo Kikuu kitamchukua, na kitamchukua kwa kozi gani. Niliifanya hadi nilipostaafu mwaka huu wa 1979. Kijana aliyeipokea kazi ameniomba niwaandikie yeye na wenzake jinsi inavyofanywa. Ameniomba pia niandike kwa utulivu. La kwanza nitalifanya. La pili siliahidi.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mwalimu Kamau, aliyekuwa akifundisha Fizikia. Alikuwa mtoto wa mwenye duka mjini Kericho, jamaa zake wakiwa wametoka Nyeri, na alikuwa na tabia ya mwenye duka ya kutoamini maneno mpaka aone mzigo. Wiki ile ya kwanza nilimpelekea jina la kijana mmoja nikamwambia kijana huyo ana akili sana.

"Akili sikuulizi," alisema. "Wenye akili wamejaa mjini, wengine wananidai. Praktikali ya maabara alipata ngapi?"

Sikujua.

"Basi humjui. Kwenye moki alikuwa wa ngapi, na moki ilisahihishwa na nani?"

Hilo pia sikujua.

"Sasa hapo unatabiri mvua kwa kutazama kofia ya mtu," alisema, akanipa penseli yake ya rangi mbili, buluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili.

Penseli hiyo na lile sanduku la viatu ndivyo vilivyokuwa vyombo vyangu vya kazi. Kila mwanafunzi wa Fomu ya Sita nilimwandikia kadi. Upande wa mbele niliandika alama zake za moki, yaani mtihani wa majaribio wa muhula wa pili, somo kwa somo, na jina la mwalimu aliyesahihisha. Upande wa nyuma nilisubiri. Matokeo halisi yalipofika mwaka uliofuata, niliyaandika hapo nyuma, pamoja na kozi aliyoiomba na kama alichukuliwa. Baada ya miaka mitatu sanduku lilianza kusema. Lilisema kwamba mwalimu wetu wa Kemia alisahihisha kwa ukali kiasi kwamba mtoto aliyempa D huku kwetu alirudi na C. Lilisema kwamba mwalimu wa Jiografia aligawa A kama peremende. Lilisema pia kwamba muhula ambao gesi ya maabara ilikwisha, Fizikia ya darasa zima ilishuka, hata iwe akili zao ni za namna gani.

Kamau alikuwa na maneno matatu tu ya kumpa mwanafunzi. Karibu hakika, kadi iliwekwa alama ya buluu. Nusu kwa nusu, kadi iliachwa bila rangi. Ndoto, kadi iliwekwa nyekundu. Alikataa katakata maneno mengine. Ukimwambia mtoto "jitahidi tu, huwezi jua", alisema, umempa hewa aende nayo nyumbani, na kule nyumbani watu watakuja kuishangilia hiyo hewa.

Walimu vijana, mengi ya hapo juu mtayajua wenyewe kwa mwaka mmoja. Lisilojulikana kwa urahisi ni suala la mpangilio wa machaguo, na ndilo lililoniletea hasira ninayostaafu nayo. Mnafahamu kwamba Chuo Kikuu ni kimoja. Siku za mwanzo tulikuwa na njia ya Kampala na ya Dar es Salaam, lakini tangu mwaka 1970 kila nchi imebaki na chake. Mwanafunzi hujaza fomu kabla ya mtihani, anaandika chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Watu wengi huisoma fomu hiyo kama ngazi: ukiteleza juu, unashika kipago cha chini. Miaka yangu sivyo ilivyokuwa. Walioiandika kozi kuwa chaguo lao la kwanza walitazamwa kwanza, na kozi ikijaa kwa hao, mwenye kuiandika ya pili alikuta viti vimekaliwa, hata kama alama zake zilikuwa bora. Kwa hiyo chaguo la kwanza halikuwa mahali pa kuandika tamaa ya ukoo. Lilikuwa ndilo chaguo lenyewe. Hayo mengine yalikuwa wino tu.

Mwaka 1973 tulikuwa na msichana katika Fomu ya Sita aliyeitwa Kemunto. Baba yake, Mzee Nyakundi, alikuja huku kuchuma chai katika mashamba makubwa, akaweka akiba, akapata kishamba chake karibu na Chepilat, akapanda chai yake mwenyewe. Kemunto alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na mikono yake ilikuwa na weusi wa utomvu wa chai ambao hautoki kwa sabuni. Kila likizo alichuma. Baiolojia yake ilikuwa bora kuliko ya mtoto yeyote niliyemwandikia kadi. Kemia ilikuwa nzuri. Fizikia ilikuwa mbaya, na haikuwa ikipanda: praktikali alimaliza mwisho kila mara kwa sababu alirudia kupima hata alipokuwa amepata.

Alikuja maktaba mwenyewe kabla sijamwita.

"Mwalimu, mimi nataka Kilimo," alisema.

Nilimwuliza kwa nini.

"Chai ya baba inakauka kutoka mzizi. Shina moja, halafu jirani yake, halafu jirani yake. Bwana shamba alikuja akasema ni ugonjwa. Nikamwuliza ugonjwa gani. Akasema ni ugonjwa wa chai." Akaitazama mikono yake. "Nataka kuwa mtu wa kujua ni gani."

Nilitoa kadi yake na kadi za waliomtangulia wenye alama zinazofanana na zake. Kwa Kilimo kama chaguo la kwanza, niliweka buluu. Kwa Udaktari, ambao aliniuliza tu kwa sababu watu nyumbani walimwuliza, niliweka nyekundu. Udaktari ulitaka masomo yote matatu yawe prinsipo, maana yake kufaulu kamili, tena kwa alama za juu. Katika sanduku langu hapakuwa na kadi hata moja yenye Fizikia kama yake iliyofika huko. Alizitazama rangi zote mbili akacheka.

"Basi tumeelewana," alisema.

Tungekuwa tumeelewana kama ingekuwa ni kazi yetu wawili.

Mwenyekiti wa bodi ya shule alikuwa Arap Sigei, mkulima mkubwa wa chai, mtu mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na aliyekuwa akitafuta kiti katika baraza la wilaya. Shule yetu ilikuwa haijatoa daktari. Mwalimu wa Baiolojia alipomsifu Kemunto mbele yake, Arap Sigei alirudi nyumbani na daktari tayari kichwani. Baada ya siku chache niliambiwa kwamba bodi inataka kusikia makadirio yangu kwa mtoto huyo peke yake, mbele ya baba yake. Jambo hilo halikuwahi kufanywa kwa mwanafunzi mwingine, na nilipaswa kukataa kwenda, lakini nami ni mwajiriwa kama wengine.

Kikao kilifanyika alasiri katika chumba cha bodi. Alikuwepo mwenyekiti, wajumbe wachache, mkuu mpya wa shule, Mzee Nyakundi akiwa amevaa koti la Jumapili, na Kemunto kwenye kiti karibu na mlango. Mkuu huyu mpya alikuwa amesoma Chuo Kikuu hicho hicho. Hilo mlikumbuke.

Nilieleza kwa ufupi kadi inasema nini. Nikasema Kilimo karibu hakika, Udaktari ndoto.

"Kilimo?" alisema Arap Sigei, akamgeukia Kemunto. "Msichana wangu, jembe liko nyumbani. Tulikusomesha miaka hii yote urudi kwa jembe?"

Wajumbe walicheka. Mzee Nyakundi naye alicheka kidogo kwa adabu.

"Sikiza, Arap Mutai," mwenyekiti aliniambia. "Wewe ni mtu wa kuogopa. Hapa kila mtu ana chai. Ukipeleka majani kwa kituo, karani akikataa, unafanya nini? Unalia? Unamwaga kwa meza, unachambua, unatoa yale magumu, unapima tena. Si ndiyo? Sasa tunaandika daktari. Wakikataa, tunachambua. Tunashuka kwa hiyo Kilimo yako. Tumepoteza nini?"

Nilimtazama Mzee Nyakundi na nikaona kwamba ameelewa, na kwamba alichoelewa ni kosa. Watu wa kwingine hawangelifanya kosa hilo. Mkulima wetu wa chai maisha yake yote yamepita kwenye meza ile ya kituo cha kununulia chai. Karani anakataa gunia lako, nawe huoni aibu, unalimwaga, unainama, unatenga majani mawili na chipukizi upande huu na majani magumu upande ule, na jioni hiyo hiyo unapimiwa yaliyobaki. Kukataliwa ni sehemu ya kukubaliwa. Mtu aliyefanya hivyo miaka mingi ukimwambia Chuo Kikuu kinachagua, anaiona meza.

Nikaamua kusema naye kwa meza hiyo hiyo. "Mzee," nilisema, "huko hakuna meza. Huko kuna lori tu. Wale walioandika Kilimo kwanza magunia yao yanapakiwa kwanza, na likijaa..."

Hapo mvua ya mawe ilipiga.

Aliyewahi kukaa Kericho chini ya paa la bati anajua kwamba mvua ya mawe ikianza mazungumzo yamekwisha. Tulikaa tukitazamana midomo. Mwenyekiti alimimina chai. Mjumbe mmoja alisimama dirishani, halafu wa pili, halafu wote, na sikuwalaumu, kwa maana mawe yale yalikuwa yakichana majani yao na wao wakiyaona. Mzee Nyakundi alisimama pia, mikono nyuma, akitazama upande wa Chepilat kama kwamba angeweza kukiona kishamba chake kutoka hapo. Mvua ilipokoma, kila mtu alitaka kwenda nyumbani akatazame hasara. Hakuna aliyekumbuka kwamba nilikuwa katikati ya sentensi.

"Nilikuwa nasema likijaa," nilianza.

"Imeshaeleweka, mwalimu," alisema mwenyekiti. "Mzee Nyakundi, unasemaje?"

"Mwenyekiti, wewe ndio unajua hiyo mambo ya juu," alisema mzee. "Mimi niko nyuma yako."

Kemunto alisema kutoka mlangoni, "Mimi nilisema Kilimo." Alisema kwa sauti ya kawaida, na sisi sote tulimsikia.

Nilimtazama mkuu wa shule. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amepita katika mlango ule mwenyewe na alijua vizuri kuliko mimi jinsi viti vinavyojazwa. Sentensi yangu iliyokatwa na mvua angeweza kuimaliza kwa maneno machache, na kwa kuwa ni mtu wa digrii wangemsikiliza. Alifunga kalamu yake. Sina ugomvi na mvua. Ugomvi wangu ni na kalamu ile.

Nilimfuata ofisini.

"Bwana mkuu, wewe unajua," nilisema.

"Najua."

"Basi mbona umenyamaza?"

Alinionyesha maabara kupitia dirisha. Paa lake lilikuwa nusu. Nusu ya pili tulifunika kwa turubai. "Mwenyekiti ameahidi mabati," alisema. "Nikimwaibisha mbele ya wajumbe wake, mabati yamekwenda. Arap Mutai, huyu ni mtoto mmoja. Ile ni maabara ya watoto wangapi?"

"Huyo mmoja ameshakueleza anachotaka."

"Na pengine atapata. Wewe si Mungu, na hilo sanduku lako si Biblia."

Fomu ilijazwa kesho yake: Udaktari kwanza, Kilimo cha pili. Kemunto alitia sahihi kwa sababu baba yake alisimama nyuma ya kiti chake, na katika nyumba zetu, ziwe za Kipsigis au za Kisii, msichana hasukumi mkono wa baba mbele ya wageni. Muhuri wa shule ulipigwa.

Wiki hiyo hiyo kijana mwingine wa darasa lake, Kibet wa Siongiroi, alikuja maktaba peke yake. Baba yake alifanya biashara ya ng'ombe na hakuwa na habari na fomu yoyote. Kibet alikuwa nyuma ya Kemunto katika kila somo, na noti zake za Kemia alizinakili kutoka kwa Kemunto. Hakuna aliyemwita daktari, na bodi haikujua jina lake. Nilimwambia aandike Kilimo kwanza, nusu kwa nusu. Akasema sawa, mwalimu, akaandika, akaenda kucheza mpira.

Likizo ya Agosti mwenyekiti aliitisha harambee sokoni Chepilat ya kumsindikiza daktari wetu, kabla daktari wetu hajaona hata karatasi ya mtihani. Fahali alichinjwa. Kipaza sauti kilikodiwa. Arap Sigei alikwenda kwa mganga wa zahanati ya shamba moja akaazima koti jeupe, akamvalisha Kemunto, akampandisha jukwaani. Koti lilimfika karibu na vifundo vya miguu na mfukoni lilikuwa na doa la dawa ya zambarau. Watu walitoa walichokuwa nacho: wachuma chai, mama wauza ndizi, wenye maduka, na Mzee Nyakundi mwenyewe aliyetoa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mwenyekiti alitangaza kwamba baba wa daktari hawezi kutoa kidogo hivyo. Mimi nilisimama nyuma kando ya kibanda cha chumvi. Kamau alikuwa ameshahamia Nyeri wakati huo. Nilifurahi kwamba hakuiona ile hewa ikishangiliwa.

Mtihani ulikuja, na mwaka uliofuata yakaja matokeo. Kemunto alipata A ya Baiolojia na C ya Kemia. Fizikia hakupata prinsipo. Nilitoa kadi yake kuandika upande wa nyuma, nikaona upande wa mbele ulikuwa umesema hivyo hivyo. Kibet alipata C ya Baiolojia na D ya Kemia, na Fizikia yake ilikuwa kama ya Kemunto. Barua zilipotoka, Kibet alichukuliwa kusoma Kilimo. Kemunto hakuchukuliwa popote.

Arap Sigei hakushtuka. "Ni sawa," aliniambia. "Wamekataa. Sasa tunaenda kuchambua."

Tulipanda basi kwenda Nairobi: mwenyekiti, Mzee Nyakundi na mimi. Mwenyekiti alibeba pakiti kubwa ya majani ya chai yaliyokwisha kusindikwa, zawadi ya wenyeji. Katika ofisi ya kuandikisha wanafunzi tulipokewa na mama mmoja mwenye miwani, aliyetupa viti na kutusikiliza vizuri kuliko tulivyostahili. Pakiti aliisogeza nyuma upande wetu wa meza kwa kidole kimoja.

"Dada, sisi hatukuja kugombana," alianza mwenyekiti. "Udaktari mmekataa, ni haki yenu. Sisi tumeshuka. Tupimie Kilimo."

"Mzee, Kilimo kimejaa."

"Kimejaa lini?"

"Kimejaa kwa waliokiandika kwanza."

"Lakini huyu wetu ni mzuri kuliko mwingine tunayemjua ambaye mmechukua. Wametoka shamba moja. Weka wote kwa meza utaona."

"Meza gani, mzee?"

Mwenyekiti alinigeukia nimsaidie. Sikumsaidia. Mama yule alieleza tena pole pole, kozi kwa kozi, chaguo kwa chaguo. Alikuwa akimaliza ile sentensi yangu ya siku ya mvua ya mawe, na safari hii hapakuwa na kelele juu ya paa. Mwenyekiti alifungua mdomo aanze upya, ndipo Mzee Nyakundi alipomgusa mkono wa koti.

"Lori limeenda, mwenyekiti," alisema. "Twende nyumbani."

Tulirudi kwa basi, kwa njia ya Nakuru. Tulipopita Molo aliniuliza, bila kunitazama, "Mwalimu, ile siku, ulikuwa unataka kusema hii?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nilikuwa natazama chai yangu," alisema.

Juma lililofuata nilikwenda Chepilat kumweleza Kemunto mwenyewe, maana niliona wanaume watatu tumesafiri kwa ajili yake na hakuna aliyefikiria kumpa habari. Nilimkuta kati ya michai, kapu mgongoni. Hakuacha kuchuma nilipokuwa nikizungumza. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Kibet alipata ngapi?"

Nilimwambia.

"Kemia alisoma na noti zangu," alisema. Mikono iliendelea, majani mawili na chipukizi, bila kutazama. "Mimi nilisema Kilimo, mwalimu. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Basi."

Nimelipindua neno hilo miaka mitano na halijanipa mahali pa kuketi.

Nitamalizia mambo yake kwa sababu mtauliza. Alifundisha shule ya msingi bila cheti, halafu akaenda chuo cha kilimo kwa cheti cha miaka miwili, na sasa ni msaidizi wa bwana shamba huku Bomet, anazunguka kwa baisikeli. Ugonjwa wa chai ya baba yake aliujua. Ni kuvu wa mizizi, unatoka katika visiki vya miti ya zamani iliyoachwa ardhini, na dawa yake ni kung'oa visiki na kuchimba mtaro kuzunguka mashina yaliyougua. Kishamba kilipona. Mwaka jana alipata mkubwa mpya ofisini, mwenye digrii, na mkubwa huyo ni Kibet. Kibet ni kijana mwungwana. Alikuja nyumbani kwangu Merigi akaniambia kwamba anaona haya kutia sahihi chini ya ripoti za Kemunto. Nilimwambia atie, yeye hakuchukua kiti cha mtu. Kiti kiliachwa wazi na watu wazima waliokuwa wakinywa chai.

Na mabati yalikuja. Lazima niandike hilo, kwa kuwa nimewafundisha kuandika pande zote mbili za kadi. Maabara ina paa zima, na watoto wanafanya praktikali mvua ikinyesha. Mkuu wa shule akipita hapo humwonyesha mgeni. Wapo watakaosema biashara ilikuwa nzuri, mtoto mmoja kwa paa. Mimi nasema hakuna aliyempa Kemunto nafasi ya kuwa karimu kiasi hicho. Paa hilo lilinunuliwa na yeye, na jina lililopakwa ukutani ni la Arap Sigei.

Kwa hiyo, walimu vijana, mwulizeni mtoto kabla ya baba, na baba kabla ya mwenyekiti. Msikubali kutoa makadirio mbele ya bodi. Mkilazimika, anzeni na sentensi ya mwisho, maana hamjui mtakatizwa na nini. Na kama kuna mtu chumbani anayejua mnachokijua na amefunga kalamu yake, mtajeni kwa jina papo hapo mumwulize. Mimi nilingoja tufike ofisini kwake, ambako ilikuwa rahisi kwake kunijibu.

Bodi ilikaa mara moja tu baada ya safari ya Nairobi kuzungumzia jambo hili. Wananchi wa Chepilat walikuwa wameanza kuuliza juu ya harambee. Ilisomwa hesabu: zilizochangwa shilingi elfu nne, mia moja na themanini na tano. Zilizotumika ni za fahali, kipaza sauti, chakula cha wageni waheshimiwa na safari za mwenyekiti. Zilizobaki, shilingi arobaini na tano, alipewa Mzee Nyakundi kwa niaba ya binti yake, naye akazipokea kwa mikono miwili kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Kisha wakaenda kwenye ajenda ya ua wa shule. Nilisoma kumbukumbu za kikao hicho kabla sijakabidhi funguo. Kuna kichwa kinachosema Hasara, na chini yake hakuna jina la Kemunto, wala Kilimo, wala mwaka hata mmoja wa maisha ya mtu. Kuna mstari mmoja tu: shilingi 4,140.